AutoPlay ya Windows 7 kwenye kompyuta ya zamani: uzoefu wangu

Kompyuta ya mezani tuliyonayo nyumbani ni ya Windows 7, na kazi yake kubwa siku hizi ni diski: DVD za harusi za ukoo, CD za kaswida na taarabu za mama, na rundo la VCD za enzi zile. Mimi nahamishia kwenye flashi, mama anasikiliza. Kwa hiyo AutoPlay, ile sehemu inayoamua diski ikiingia kifanyike nini, tunakutana nayo kila mara.

Kero ilianza nilipoweka programu nyingine ya video. Ilijitwalia DVD zote bila hodi. Ukitia diski, bibi harusi huyo kajaa skrini nzima, na wewe ulitaka kunakili mafaili tu.

Dawa yake ni nyepesi. Bonyeza Start, andika AutoPlay, fungua jina litakalotokea. Kila aina ya diski ina mstari wake: CD ya muziki, DVD ya filamu, programu na michezo, diski tupu, hata Video CD haikusahauliwa. Hapo ndipo ninapoisifu Windows 7, kwa sababu hulazimiki kuzima yote au kuacha yote. CD ya muziki nimeiacha ipigwe yenyewe. Mama hataki kuulizwa maswali na mashine. DVD ya filamu nimeweka “Ask me every time” (niulize kila mara). Video CD inafungua folda moja kwa moja, naingia folda ya MPEGAV, nachukua yale mafaili ya DAT yenye video na kuondoka. Ukimaliza bonyeza Save chini kabisa, maana ukifunga dirisha kwa X hakuna kilichobadilika.

Diski za programu nimeziwekea “Take no action” (usifanye lolote), na hilo silijadili. Mwaka 2005 CD za muziki za Sony BMG zilikutwa zikipachika programu iliyojificha ndani ya Windows, na mlango wao ulikuwa huu huu wa diski kujiendesha. Kwa upande wa flashi, Windows 7 ilikwisha kuziba njia hiyo baada ya kirusi cha Conficker kutamba, na mwaka 2011 XP na Vista, Windows za kabla yake, nazo zikaletewa sasisho la namna hiyo. Diski ziliachwa kama zilivyo.

Wa XP mna kazi zaidi: bofya kulia kwenye alama ya kiendeshi cha diski ndani ya My Computer, Properties, halafu kichupo cha AutoPlay. Kinafanya kazi, ila kuchagua aina moja moja kwenye kile kimenyu kunachosha.

Ukiwa na haraka na hutaki diski ijiendeshe, shikilia Shift wakati unaitia (Windows 7 itakufungulia dirisha la AutoPlay uchague mwenyewe), usiiachie mpaka mashine imalize kuisoma. Nafanya hivyo nikiletewa diski nisiyoijua.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeinyima kwa sababu orodha ni ndefu mno kwa mtu asiyejua Kiingereza, na hakuna cha kuzuia programu mpya isijipachike tena humo. Baada ya kuweka programu yoyote ya video, rudi ukague. Na kama nyumbani kila mtu ana akaunti yake, mipangilio hii haihami: ya mama ilibidi niipange ndani ya akaunti ya mama.