Warcraft: nusu saa niliyodai kwa miaka minane

CD ya filamu ya Warcraft niliuziwa shilingi 50, mwaka 2016, filamu ikiwa haijamaliza hata miezi miwili tangu itoke. Muuzaji, ambaye simtaji kwa kuwa alishafunga duka na kuhama mji, aliniapia kuwa ni orijino. Orijino yenyewe ilirekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema na mtu mwenye kikohozi. Mara mbili kichwa cha mtu kilikatiza mbele ya skrini, nadhani kikienda chooni. Hayo niliyavumilia. Lililonikata ini ni la mwisho: Durotan, mkuu wa ukoo mmoja wa maorki, yale majitu ya hadithi yenye meno marefu, ameingia uwanjani kupigana na mchawi aliyeipotosha kaumu yake, wenziwe wote wamesimama duara, kimya, na CD ikakwama. Ikalia kama tupa juu ya msumari, basi.

Nilirudi dukani kesho yake. Nikaambiwa mashine yangu ndiyo mbovu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu aliyeona robo tatu ya Warcraft. Kazi zikaja, harusi ikaja, nikasahau. Mwezi uliopita mpwa wangu akashuka kutoka Mombasa na kompyuta yake, filamu imo ndani, safi. Baada ya Isha tukakaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kompyuta nimeiweka juu ya mfaa wa mlango wa mbambakofi ambao mteja wake bado hajamaliza kulipa, kahawa ya tangawizi pembeni. Mamangu akatoka kuangalia nani anapiga kelele za vita, akakaa "kidogo tu". Hakuondoka hadi mwisho.

Kabla sijaisema filamu, niseme nilikotoka. Nilipokuwa shule hapa Amu (Lamu), palikuwa na saiba, duka la kompyuta za kukodi, mtaani Langoni, yenye kompyuta mbili tu zilizoweza kubeba Warcraft III, ule mchezo wa mwaka 2002. Shilingi moja dakika moja. Ukianza unapewa ngome, mgodi wa dhahabu, msitu, na wafanyakazi wachache wa kukata miti. Mfanyakazi mmoja wa maorki dhahabu 75. Mimi nilikuwa upande wa maorki siku zote, kwa sababu jemadari wao, Thrall, si katili. Anawakusanya watu wake, anaiba merikebu, anawavusha bahari kutafuta nchi mpya. Mtoto wa Amu utamlaumu vipi kwa kumpenda mtu wa namna hiyo? Mchezo wa kwanza kabisa wa jina hilo ulitoka 1994, nami sikuwahi kuugusa, lakini filamu imechota hadithi yake huko: siku maorki walipoingia nchi ya binadamu kwa mara ya kwanza. Yaani kabla ya Thrall wangu.

Sasa filamu. Dakika 123, mwongozaji ni Duncan Jones, na majina ni mengi kuliko abiria wa boti ya Mokowe asubuhi. Kwa ufupi: nchi ya maorki, Draenor, imekufa. Imekaushwa na uchawi wa kijani wa Gul'dan, uchawi unaokula uhai wa kiumbe mmoja ili kumpa mwingine nguvu. Gul'dan huyo huyo aliyeiua nchi ndiye anayewaahidi wokovu. Anafungua mlango wa kichawi kwa roho za mateka, wapiganaji wanavuka kuingia Azeroth, kwa binadamu, na vita vinaanza. Durotan anavuka na mkewe Draka, ambaye ana mimba kubwa, na humo humo mlangoni uchungu unamshika.

Hapo ndipo mamangu alipoweka kikombe chini.

Mtoto anazaliwa hapumui. Gul'dan anamwinua, anavuta uhai wa paa aliyekuwa karibu, paa ananyauka, mtoto analia. Maorki wanashangilia. Mamangu hakushangilia. Alisema, "Nti imewafia, wende wapi? Lakini huyo mzee msimpe mwana."

Niliposikia hivyo nikajua nilikuwa nimekosea kwa miaka minane. Kila aliyeniuliza nilimwambia filamu hii haieleweki bila mchezo. Bi mkubwa hajawahi kushika kipanya cha kompyuta, na alikuwa ameishika hadithi barabara kuliko mimi niliyelipa shilingi moja kwa dakika. Aliwaita maorki mazimwi, lakini alimjua Durotan kwa uso, alijua mkewe ni yupi na rafiki yake ni yupi. Alipotea kila tulipopelekwa kwa binadamu.

Na ndiyo shida ya filamu hii. Upande wa majitu ni watu. Upande wa watu ni mavazi.

Nasema kama fundi. Mimi kazi yangu ni milango, mchana kutwa na patasi, na jicho langu linakimbilia mkono wa aliyetengeneza. Maorki ni kazi ya kampuni ya Industrial Light & Magic: waigizaji walicheza wenyewe, mienendo na nyuso zao zikanaswa na kuvalishwa miili ile ya mashine. Durotan ni Toby Kebbell, na utamwona ndani. Ana njia ya kutazama mkono wake mkubwa ulio juu ya tumbo la mkewe, pale mwanzoni hemani wakitaniana kuhusu jina la mtoto, ambayo huwezi kuichora bila kuwa na mtu nyuma yake. Ngozi ina makovu na vinyweleo. Meno yale marefu yana manjano ya pembe iliyozeeka, rangi ile ile ya siwa ya Pate, lile baragumu la pembe lililo Makumbusho yetu. Kitu kilichotumika kina sura yake, na maorki wote wana sura ya vitu vilivyotumika.

Ukija Stormwind kwa binadamu, kila kitu kimepigwa msasa na vanishi asubuhi hiyo hiyo. Deraya zinang'aa kama sufuria za harusi. Askari ametoka vitani, deraya yake bado inang'aa. Mfalme Llane, Dominic Cooper, ni mpole, mwema, na ukimaliza filamu huwezi kukumbuka alisema nini. Lothar, jemadari wake, ni Travis Fimmel, na huyu nampenda kwa ule uchangamfu wake wa mtu anayejua mzaha mmoja na hautoi, ila ananung'unika maneno ndani ya ndevu hadi mpwa wangu akaongeza sauti, na kelele za vita zilizofuata zikaamsha punda wa jirani. Malkia Taria ni Ruth Negga, mzaliwa wa Addis Ababa. Mtu wa hapa jirani kabisa, na wamempa kazi ya kusimama kwenye roshani na kuhuzunika.

Medivh, mlinzi mkuu wa nchi, mchawi wa mnara wa Karazhan, ndiye angeweza kuwa habari nzito: mtu mwema aliyeingiwa na uchawi wa kijani bila wenziwe kujua. Filamu inampitia mbio. Kila dakika kumi tunapaa: mara mnara, mara mji wa wachawi unaoelea angani, mara kambi. Mpwa wangu aliuliza "Mjomba, huyu naye nani?" nikahesabu mara 11. Mara nne nilimdanganya.

Kwa tuliocheza kuna peremende humo ndani. Khadgar, mchawi kijana, anamgeuza askari kuwa kondoo, na kondoo huyo tulimjua tangu saiba. Nilicheka peke yangu hadi mamangu akaniuliza kama nimemeza kitu. Kuna kiumbe cha mtoni kinachoonekana kwa sekunde chache chini ya daraja, usipokijua hutakiona. Lakini peremende si chakula. Marekani waliikataa filamu hii, ilipata takriban dola milioni 47 tu. China ikaingiza zaidi ya milioni 220. Ilitumia milioni 160 na kwa dunia nzima ilifika karibu 440, na hata hivyo sehemu ya pili haikutengenezwa. Hadithi imekatwa katikati, kama CD yangu.

Garona nusura nimsahau, na si haki. Yeye ni nusu orki nusu mtu, mateka aliyekuwa na mnyororo shingoni, kila upande unamtumia na hakuna unaomwita wetu. Paula Patton amepakwa kijani na kutiwa vijimeno vya bandia vinavyomzuia kusema vizuri, na bado ana macho. Mapenzi yake na Lothar ni ya kulazimishwa, yaweke pembeni. La kwake ni pale vita vimeshindikana, na Mfalme Llane, akiwa amezingirwa, anamwomba Garona amuue kwa mkono wake, ili maorki wamheshimu na abaki hai. Anamuua. Lothar anaona mwili, haoni sababu. Hii ilikuwa kwenye ile nusu saa yangu. Miaka minane muuzaji yule aliniibia hii.

Na uwanjani kulitokea nini? Durotan anapigana kwa mikono, kwa desturi. Gul'dan anamvuta uhai, kwa hila, mbele ya kaumu nzima, na kila mmoja anaona. Mwanzoni mwa filamu mamangu alikuwa amesema ile ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Alipomwona Durotan ananyauka kama yule paa, alirudi kwenye methali yake akaitengeneza: "Hili latwaa na mifupa."

Baba wako wengi katika hadithi hii na hakuna aliyebahatika. Lothar anamwona mwanawe akiuawa upande wa pili wa ukuta wa radi, hawezi kumfikia. Duncan Jones mwenyewe ni mtoto wa David Bowie, mwanamuziki, aliyefariki Januari 2016, miezi mitano kabla filamu haijatoka. Sijui kama inahusiana. Nilichongewa patasi yangu ya kwanza na babangu, nikikaa dakani usiku mambo kama haya hunijia.

Alama? Maorki nane kwa kumi, binadamu nne, muziki wa Ramin Djawadi saba, na ngoma zake zinataka spika, si kompyuta. Ukiwa na mtoto mdogo, subiri: kuna mikono inayokatika. Ukiipata, itafute nakala nzima, nakuomba, usinunue kikohozi.

Mwisho wenyewe unaanzia kabla ya lile pigano la uwanjani. Draka anakimbia na mtoto, anamweka kwenye kikapu, anakisukuma mtoni, kisha anageuka kumkabili orki aliyetumwa kumuua. Kikapu kinakwenda na maji.

"Nabii Musa," mamangu akasema, palepale, kabla kikapu hakijafika hata kwenye mkondo.

Mwishoni kabisa kikaokotwa na binadamu. Kitoto kikanguruma. Majina yakaanza kupanda, mpwa wangu akafunga kompyuta. Mamangu bado amekaa.

"Na huyo mwana? Alikua?"

"Alikua, mama. Namjua tangu shule. Anaitwa Thrall."

"Akafanya nini?"

"Aliwakusanya wote, akawavusha bahari."

"Kwa chombo cha nani?"

"Cha wizi."

Akajisogeza, akanipa nafasi barazani, akajimiminia kahawa iliyobaki. Nikaanza na ule mgodi wa dhahabu.