Bunduki za upepo za mita 10: ipi inunuliwe, na kwa nini tarehe ya mtungi inatangulia yote

Barua za wasomaji wanaoishi Ujerumani zimefanana safari hii, na zimenikasirisha. Mama mmoja wa Stuttgart amemnunulia binti yake bunduki ya upepo iliyotumika, ya kampuni kubwa, safi, ndani ya sanduku lake. Siku ya kwanza kwenye klabu ya kulenga shabaha mkufunzi akaigeuza, akasoma maandishi yaliyogongwa kwenye mtungi wa hewa, akaufungua na kuuweka kando. Muda wake ulikuwa umekwisha. Baba mwingine, wa Bremen, aliuziwa bunduki yenye mitungi miwili, wa pili ukisifiwa kuwa ni akiba ya bure, na yote miwili ilikuwa imepitwa na tarehe. Hawa ni watu wanaolipa kodi ya nyumba ya huku na ada ya shule ya nyumbani kwa mshahara huohuo. Anayewauzia anajua anachofanya.

Kwa hiyo nitakupangieni bunduki za mita 10, yaani za kupiga shabaha iliyo umbali huo, kwa utaratibu ninaouamini. Sitapoteza muda kwenye usahihi. Kila bunduki ya mashindano nitakayoitaja hapa, ikifungwa kwenye meza na kupewa risasi inazozipenda, inarudia tundu lilelile kwa mita 10. Tofauti ya alama inatoka kwa mtoto, mkao wake na mazoezi yake. Rangi na uzito pia vitajileta vyenyewe mkifika klabuni kujaribu. Ninachotaka tukikazie macho ni mtungi.

Bunduki hizi hazina baruti wala springi. Chini ya mtutu kuna mtungi mwembamba uliojazwa hewa hadi bar 200. Tairi la gari dogo lina bar mbili na nusu hivi. Sasa pima mwenyewe kilichoko karibu na mkono na uso wa mwanao. Hewa hiyo inapita kwenye regyuleta inayoishusha na kuipima, kisha valvu inaachia kiasi kilekile kila mara triga inapovutwa. Risasi ya milimita 4.5, yenye uzito wa nusu gramu hivi, inatoka kwa mwendo wa karibu mita 170 kwa sekunde, na bunduki haitikisiki. Ndiyo maana mfumo huu ulizifuta springi kwenye mashindano makubwa. Alama ya kumi kwenye shabaha ni nukta ya nusu milimita, na mchezo huu umo kwenye Olimpiki tangu 1984. Mjini Paris mwaka 2024, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini aliuchukua ubingwa wa wanawake akiwa na miaka 16. Watoto wetu walimwona kwenye televisheni, na sasa wanataka.

Mtungi una umri. Kwa muda mrefu kawaida ya watengenezaji wa Ulaya imekuwa miaka 10, na inahesabiwa tangu mwezi uliotengenezwa, si tangu siku uliyoununua wala siku uliyoujaza mara ya kwanza. Ipo mitungi iliyopewa muda mrefu zaidi, basi soma kilichogongwa kwenye metali na kilichoandikwa kwenye kitabu chake, usisikilize la mtu. Mingi ni ya alumini, na alumini huchoka. Kila ukijaza inatanuka kidogo, kila hewa ikipungua inarudi, na mchoko huo unajilimbikiza ndani bila kuonekana kwa macho. Chuma kikitumika chini ya mkazo fulani kinaweza kuhimili mizunguko isiyohesabika. Alumini haina mpaka huo wa usalama. Muuzaji anapokwambia "mbona bado unashika hewa vizuri", anajibu swali ambalo hukuuliza. Mtungi unashika hewa vizuri mpaka siku unapopasuka.

Na hata kama yeye haogopi, kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, zinasema ni jukumu la mchezaji mwenyewe kuhakikisha mtungi wake haujapita tarehe. Wakaguzi wa vifaa wanaweza kuuangalia. Klabu nyingi za Ujerumani hazingoji mashindano: mtungi uliopitwa haujazwi kwenye tangi lao, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jambo hili linawahusu hata wanaonunua mpya. Bunduki inaweza kukaa dukani au ghalani muda mrefu kabla hujaifikia, na saa ya mtungi imekuwa ikitembea. Ukilipa bei kamili ukapewa mtungi wa miaka mitatu iliyopita, umenunua miaka saba kwa bei ya kumi. Kabla ya kutoa hela, andika barua pepe fupi: naomba mwezi na mwaka uliogongwa kwenye mtungi nitakaopewa. Jibu libaki kwenye maandishi. Muuzaji mwaminifu atakujibu siku hiyohiyo na picha juu. Akianza kuzungukazunguka, mwache na bunduki yake.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Feinwerkbau 800, na sifichi kwamba nina mapenzi na kampuni hii. Inatoka Oberndorf, mji mdogo kwenye mto Neckar. Ni mji uleule wa kiwanda cha Mauser, na bunduki za Mauser ndizo walizobebeshwa askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mababu wa baadhi yetu. Feinwerkbau ilianzishwa baada ya vita vya pili na wahandisi wawili waliotoka Mauser, Karl Westinger na Ernst Altenburger, na mji uliosifika kwa silaha za vita ukaanza kutoa bunduki za kutoboa karatasi. Kila ninapoishika nalikumbuka hilo, na linanipa furaha. Ukiacha mapenzi, sababu zangu ni hizi: triga yake ni safi na inarekebishika bila kuhitaji fundi, na zimeuzwa nyingi mno klabuni hata mkufunzi wa kijijini anazijua kwa ndani. Vipuri vya zile za zamani, P70 na 700, bado vinatafutika. Ukipata 700 iliyotunzwa, ukaiwekea mtungi mpya unaoiingia, umepata bunduki ya kumfikisha mtoto hadi utu uzima.

Kwa mtoto anayeanza, chukua Feinwerkbau 500. Ni nyepesi, ina kitako cha mbao, na bei yake iko chini sana kuliko 800. Mzazi anayemnunulia wa miaka 13 bunduki ya zaidi ya euro 2,000 ili mtoto asijione mnyonge mbele ya wenzake anamwonea mtoto huyo. Anakua, mabega yanapanuka, na kitakachomfaa mwaka huu kitambana mwaka kesho.

Ya pili ni Walther LG400. Kwa ubora haina deni kwa mtu, na kwa wengine itakuwa ya kwanza. Walther na Anschütz zote mbili zilianzia Zella-Mehlis kule Thüringen, zikahamia Ulm baada ya vita, na Walther imekuwa chini ya Umarex tangu 1993. Kinachoniudhi ni utitiri wa matoleo: Alutec, Monotec, Anatomic na mengineyo, kila moja na bei yake, mpaka mnunuzi mpya hajui analipia mtutu au analipia rangi. Sehemu inayopiga risasi ni ileile kwa kiasi kikubwa. Nunua toleo la chini lenye kitako kinachorekebishika, na kinachobaki kanunue koti la mchezo, maana koti litamwongezea alama mapema zaidi.

Ya tatu ni Anschütz, 8002 ya zamani au 9015 mpya zaidi. Kampuni ni ya 1856, na wapenda biathlon, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, wanaijua kwa bunduki zake za risasi halisi. Mtutu wake sina la kuusema isipokuwa sifa. Kwenye soko la zilizotumika, 8002 ni nyingi na nzuri, na ni nyingi pia zenye mitungi iliyokufa, kwa kuwa zimeuzwa kwa miaka mingi. Uliza tarehe mara mbili.

Steyr ya Austria, LG 110 na Challenge, naiweka ya nne kwa sababu moja tu: kwenye klabu nyingi ninazozijua hapa ni wachache wanaoitumia, na mzazi asiye na mtu wa kumsaidia karibu atahangaika. Kama klabu yako ina watu wa Steyr, ipandishe hadi ya pili. Usidhani mtungi wa kampuni moja utaingia kwenye bunduki ya nyingine. Hata ndani ya kampuni moja, hakikisha kwa namba ya modeli.

Kuna njia ya pembeni ambayo wauzaji hawakutajii kwa kuwa haina faida kwao: Feinwerkbau za mfululizo wa 600, ulioanza miaka ya 1980, hadi 603. Hizi hazina mtungi kabisa. Unavuta wenzo wa pembeni mara moja, hewa inabanwa, unapiga, unavuta tena. Hakuna tarehe ya kwisha, hakuna tangi la kujazia. Zinachoka mipira tu, na mipira inabadilishwa. Kwa mtu mzima anayetaka mazoezi ya jioni, mimi ningemwambia anunue hiyo kesho asubuhi. Kwa mtoto wenzo ni mzito, na kuuvuta mara 60 kwenye mashindano kunamchosha bega.

Za bei ya chini kabisa, zile za mtandaoni zenye darubini na picha ya msitu, siziweki kwenye orodha. Hazikutengenezwa kwa mchezo huu, nyingi hazina diopta, kile kitundu cha nyuma cha kulengea, na mtungi wake utausomea wapi tarehe?

Hesabu ya zilizotumika ifanyeni hivi. Tuseme bunduki moja inauzwa euro 900 na mtungi umekwisha, nyingine ya modeli hiyohiyo euro 1,100 na mtungi umebakiza miaka minane. Mtungi mpya mara nyingi unapita euro 200. Ile ya 900 ndiyo ghali. Mkiwa nayo mkononi, geuza mtungi polepole chini ya taa. Tafuta mwezi na mwaka, shinikizo la kazi na namba yake. Ukikuta stika imebandikwa juu ya maandishi, iondoe mbele ya muuzaji. Ukikuta rangi mpya au alama za kukwaruzwa, rudisha. Kwenye matangazo ya mtandaoni utaona picha kumi na mbili za kitako, triga, hata za sanduku, na mtungi umepigwa picha upande usio na maandishi peke yake. Mtu anayejua kupiga picha kumi na mbili anajua kupiga ya kumi na tatu. Hii ndiyo tabia inayonikera kuliko bei zenyewe, maana bei unaiona na kuikataa, lakini huku mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia, na anayeuziwa ni mgeni asiyejua lugha vizuri wala wa kumuuliza.

Mkishaununua, ujazeni taratibu. Ukijaza kwa haraka mtungi unapata joto, geji inaonyesha 200, ukipoa inashuka, na mtoto anadhani unavuja. Hewa iwe kavu, ya tangi la klabu au ya duka la wapiga mbizi. Oksijeni isikaribie kabisa, wala mafuta ya kawaida kwenye valvu: vikikutana kwa shinikizo hilo vinalipuka. Geji nyingi zimekaa kwenye ncha ya mbele ya mtungi, upande uleule wa mdomo wa mtutu, kwa hiyo isomwe bunduki ikiwa wazi na kamba ya usalama, ile ya kuonyesha kuwa hakuna risasi, ikionekana ndani ya mtutu.

Kisheria hapa Ujerumani, bunduki ya upepo ambayo nguvu ya risasi yake haizidi jouli 7.5, yenye alama ya F ndani ya pembetano, inanunuliwa na mwenye miaka 18 bila leseni. Ikiwa haina alama hiyo, usiiguse. Njiani iwe haina risasi na iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, hata kama klabu iko mtaa wa pili. Mtoto anaanza kuipiga klabuni akiwa na miaka 12, kwa ridhaa yenu ya maandishi na chini ya msimamizi. Wadogo zaidi wanaanzia kwenye bunduki za mwanga, zinazopiga mwali badala ya risasi, na klabu nyingi zinazo.

Wengi mmeuliza kama mnaweza kuipeleka likizo nyumbani ili binamu nao wajaribu. Sheria za silaha za Kenya na Tanzania ni kali, na kuruhusiwa huku hakukupi ruhusa kule. Bila kibali mkononi kabla ya safari, iacheni klabuni kwenye kabati. Wanaosafiri kwa mashindano hubeba mtungi ukiwa umefunguliwa kutoka kwenye bunduki na hauna hewa hata kidogo, na huliarifu shirika la ndege mapema wanapokata tiketi.