Dhahabu nyepesi isiyobonyea: uzoefu wangu na hereni na bangili za kuagiza kwa sonara

Aliyevaa hereni kubwa tangu usichana ananielewa. Tundu la sikio hushuka polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja unajitazama kwenye kioo unakuta limebaki kidogo tu lichanike. Ndewe zangu zilishaanza safari hiyo. Nilitaka hereni zilezile za kuba, pana, za kuonekana hata nikijitanda mtandio, ila zisinivute. Na nilitaka bangili moja ya kila siku, ya kufulia na kusukumia chapati, si ya kufungiwa kabatini ikisubiri harusi.

Uzito siku hizi ni suala la mfuko pia. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi ilishapita dola 128 kabla hujamlipa mtu ufundi. Ndiyo maana kila duka sasa linanadi vitu "vyepesi". Vingi ni vyembamba tu, na wembamba si sawa na wepesi.

Ushahidi ninao mkononi. Nina bangili niliyoletewa kutoka Dubai, karati 21 (dhahabu safi ni karati 24), nene kwa macho lakini tupu ndani. Iligonga ukingo wa sinki ikabonyea, bonde la wazi kabisa. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mjini Dar es Salaam, mzee wa siku nyingi. Akaigonga kwa ukucha, akaizungusha kwenye taa akitafuta kitu, akanirudishia.

"Mama, hii haina tundu. Nikiipiga moto, hewa ya ndani itatanuka ipasue. Na hata nikiitoboa, nitaingiza nini huko ndani nisukumie bonde litoke?"

Kumbe kitu tupu kilichotengenezwa vizuri huachiwa kijitundu mahali pasipoonekana ili hewa ipate pa kutokea wakati wa kulehemu. Tangu siku ile nikishika bangili ya duka hicho ndicho ninachokitafuta kwanza. Nikaona nimpe mzee huyo kazi yangu.

Nilikuwa na mikufu miwili iliyokatika, karati 22, gramu 12 kwa jumla. Yeye akashauri tuishushe iwe karati 18. Hapa msomaji shika kalamu, maana ndipo watu wanapoibiwa. Gramu 12 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 11. Karati 18 ni robo tatu dhahabu, robo inayobaki ni shaba na fedha. Gawanya 11 kwa 0.75 unapata gramu 14.67. Yaani ukipeleka 12 za karati 22 unatakiwa urudi na zaidi ya 14 za karati 18. Fundi akikurudishia 12 zilezile na tabasamu, ujue gramu 2 za dhahabu yako safi zimebaki dukani kwake. Wangu alipima mbele yangu kabla ya kuyeyusha na baada ya kumaliza: hereni jozi gramu 5.1, bangili gramu 9, na vipande na vumbi la tupa karibu nusu gramu, akanifungia kwenye karatasi. Kilichopungua ni kidogo mno, na moto nao una haki yake.

Mama yangu alipinga. Kwa wazee wetu wa pwani karati 18 ni dhahabu ya kubembeleza, na rangi yake kweli imepoa kidogo, haina ule wekundu wa jua wa 22. Kwa seti ya bibi harusi nakubaliana naye moja kwa moja. Lakini 22 ni laini, na ukiifanya nyembamba inakunjika kwa vidole. Shaba na fedha zilizomo kwenye 18 huifanya iwe ngumu, na kwa umbo lilelile inakuwa nyepesi pia, kwa sababu metali hizo mbili ni nyepesi kuliko dhahabu.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitoka kwenye umbo. Bamba aliloanza nalo lilikuwa jembamba kiasi kwamba nilianza kujuta. Akashika kipande chake akakikunja kwa kidole gumba, kikakunjika bila ubishi. Kisha akachukua kipande cha unene uleule, akakilaza kwenye mfereji wa chuma na kukigonga mpaka kikawa na mgongo, akanipa nikunje. Hakikukubali. Ni hadithi ya bati la migongo na bati bapa: unene mmoja, ila moja unalikanyaga na jingine linalia. Bangili yangu basi ni mgongo mtupu, nyuma iko wazi, na kwenye kingo zake mbili amezungushia waya uliojaa, kwa sababu kingo ndizo zinazogongwa. Hereni nazo ni kuba zilizogongewa kwenye shimo la chuma, ukingo wake una waya vilevile. Dhahabu imewekwa panapofanya kazi, kwingineko ni ngozi tu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kijiti kinachopita sikioni. Moto wa kulehemu hulainisha metali, kwa hiyo kijiti kikishaunganishwa huwa laini palepale kwenye shina, na ndipo hereni nyingi za dukani hupindia. Mzee alikishika kwa koleo akakizungusha taratibu, kama nusu mzunguko hivi. Nilidhani anakivunja. Kumbe huko kukisokota ndiko kunakokirudishia ugumu, na kama lehemu haikushika vizuri kinachomoka hapohapo mikononi mwake, si kwenye daladala.

Nimevaa vitu hivi tangu Idi ilipopita. Hereni nasahau kama ziko sikioni, na tundu halijashuka tena. Bangili imegonga sinki lilelile, imegonga mlango wa gari, ina mikwaruzo lakini haina bonde.

Kasoro zipo. Ule uwazi wa nyuma ya bangili unakusanya unga na sabuni; usipousugua kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu unaona aibu kumpa mtu aishike. Ufundi ni ghali. Watu hudhani kitu chepesi kina kazi ndogo, wakati bamba jembamba linataka mkono mtulivu zaidi na muda zaidi, kwa hiyo kwa kila gramu nililipa ufundi mkubwa kuliko ambao ningelipia bangili iliyojaa. Na ukienda kuuza, ufundi hauhesabiwi. Utapimiwa dhahabu basi. Anayenunua kwa kuweka akiba asiagize hivi, anunue kitu kizito na cha kawaida.

Jambo la mwisho ni tarehe. Aliniahidi kabla ya Idi. Kila nikipita, "njoo kesho mama, bado kung'arisha." Idi ikaswaliwa, pilau ikaliwa, nikavaa za kuchovya.

Binti yangu anaolewa mwakani na anataka mkufu mwepesi wa kutundikia kidani. Hapo nimekataa utupu kabisa. Pete za mkufu husuguana mahali palepale kila unapogeuza shingo, na pete iliyo tupu ikishalika ganda lake imekwisha, hakuna cha chini yake. Tumekubaliana na mzee: pete ndogo zilizojaa, kifungio kinene, na wepesi wote utafutwe kwenye kidani chenyewe, kwa mgongo na waya kama kwenye bangili. Atakifanya kwa karati 22, bibi yake apate kukisifu. Siku ya harusi nimeshamtajia, nimeirudisha nyuma wiki tatu.