Miezi saba na Pixel yenye GrapheneOS: notifikesheni, ruhusa, na namba za watu wangu

Nianze na sababu ya kubadilisha mfumo wa simu yangu, maana bila hiyo mtu ataona nimejitafutia kazi bure. Mwaka juzi nilikopa kwenye apu moja ya mikopo ya simu, elfu themanini tu, oveni ilikuwa imekufa na nina oda ya keki ya harusi Jumamosi, linki nilitumiwa kwenye grupu nikaipakua hapohapo wala sio Play Store, ikaomba ruhusa ya namba, ya meseji, ya picha, nikabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, mi nilikuwa nataka hela basi. Nikachelewa kulipa siku nne. Siku ya tano baba mkwe akanipigia, "Mama Farida, kuna meseji imeingia hapa inasema wewe mdaiwa sugu, nikushauri ulipe, kulikoni?" Nilikaa chini jikoni pale pale. Na sio yeye tu, wateja wangu walipata, mwalimu wa mtoto alipata, fundi gesi alipata, kila mtu niliyemsevu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo toka 2022, na Novemba 2024 BoT, yaani Benki Kuu, walitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha bila leseni, niliisoma yote jina kwa jina. Google nao toka mwisho wa Mei 2023 hawaruhusu apu za mikopo binafsi zilizoko dukani kwao kusoma namba wala picha za mtu. Vyote vizuri, ila meseji ikishaingia kwenye simu ya baba mkwe hakuna wa kuitoa. Ndo maana nikataka simu ambayo mi mwenyewe ndo naamua nani aone nini, toka siku ya kwanza.

Mdogo wangu anasoma mambo ya kompyuta, yeye ndo alinitajia GrapheneOS. Ni Android ileile ila imesafishwa, haiji na vitu vya Google ndani, na inakubali kwenye Pixel tu, zile simu za Google wenyewe. Tukaenda Kariakoo mtaa wa Aggrey kutafuta Pixel 7a used. Hapa naomba msome vizuri kama mnataka kununua: Pixel nyingi zinazokuja kwetu zimetoka Marekani na nyingine zimefungwa na mtandao wa kule, hizo huwezi kuzibadilisha hata ufanyeje. Mdogo wangu alikuwa anaunga simu kwenye intaneti palepale dukani, anaingia setingi, anagusa namba ya toleo mara saba mpaka menyu ya madeveloper itokee, anaangalia kile kiswichi cha OEM unlocking, ndo kinachoruhusu simu kuwekewa mfumo mwingine. Kama kimefifia hakigusiki, anarudisha simu. Simu mbili za kwanza zilikuwa nzuri kwa macho ila kiswichi kimefifia, muuza duka akaanza kukasirika, ya tatu kikawaka. Laki tano na nusu, na hii 7a inaendelea kupata masasisho ya usalama mpaka Mei 2028, kwa hiyo sikuona ghali.

Kuiweka GrapheneOS yenyewe haikuwa shida, unafungua tovuti yao kwenye laptopu, unachomeka waya wa USB, unabonyeza vitufe kwa mpangilio, nusu saa imeisha. Katikati unafungua loki inayozuia simu isibadilishwe mfumo, na kuifungua kunafuta kila kitu kwenye simu, na mwisho lazima uifunge tena loki, usiishie katikati. Ukiwasha simu inaonyesha onyo la njano kwamba mfumo sio ule iliyokuja nao, mama yangu aliliona akadhani simu inataka kulipuka, ni kawaida.

Sasa notifikesheni, maana hapa ndo niliumia wiki ya kwanza. Mdogo wangu aliniwekea simu bila Google kabisa, akasema safi. Nikaweka WhatsApp nikaendelea na kazi. Jumanne nikashangaa kimya, yaani asubuhi yote hakuna hata mlio, nilipofungua WhatsApp mwenyewe saa saba mchana zikamiminika meseji ishirini na kitu kwa mpigo, mojawapo ya dada mmoja wa Kinyerezi anataka keki ya kilo mbili ya kesho, kauliza saa mbili asubuhi, kauliza tena saa nne, saa tano kaandika "basi nimepata sehemu nyingine ahsante." Nililia kwa hasira. Hela ya oda moja inaweza kuwa ada ya mtoto ya mwezi.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Kwenye Android za kawaida apu nyingi hazijichukulii meseji zenyewe, kuna huduma moja ya Google inayokaa macho muda wote, inapokea za apu zote halafu inagonga kila apu, we una kitu chako amka. Ni kama mtaa mzima mna bodaboda mmoja anayechukua mizigo yote stendi na kugawa nyumba kwa nyumba. Ukimtoa huyo boda, kila nyumba itabidi itume mtu wake stendi akakae siku nzima, na simu ikiona apu imekaa macho muda mrefu inailaza kutunza chaji. Signal yenyewe ina njia yake inafanya kazi hata bila Google, inakula betri kidogo tu. Nyingine zinategemea bahati.

Dawa yake ipo na ndo kitu kilichonifanya nibaki. GrapheneOS wana duka lao dogo ndani ya simu, unaweza kuweka Google Play kutoka pale ila inawekwa kama apu ya kawaida, haina cheo. Kwenye simu nyingine ile huduma ya Google ina mamlaka ambayo hata wewe mwenye simu huwezi kuiondolea, hapa inaomba ruhusa kama wengine na ukiinyima inakaa hivyohivyo. Nikaiweka, nikaingia kwenye setingi zake upande wa betri nikaiachia ifanye kazi bila kizuizi, mahali nikaikatalia, namba nikaikatalia, maikrofoni nikaikatalia, wala sikuingia kwa akaunti ya Gmail maana kwa kupokea notifikesheni tu haihitajiki. Kisha WhatsApp nikaitoa nikaiweka upya ili ijisajili kwa yule boda. Toka siku hiyo meseji zinaingia papo hapo.

Mdogo wangu hakufurahi, na hoja yake ni ya kweli. Desemba 2023 seneta Ron Wyden wa Marekani aliandika barua akisema serikali za nchi nyingine zimekuwa zikidai kutoka Google na Apple kumbukumbu za notifikesheni zinazopita kwao, maana kila mlio unapitia kwao na wanajua apu gani imemgonga nani saa ngapi. Kwa hiyo hapo nimechagua. Mi napika keki, kinachoniogopesha ni apu itakayobeba majina ya watu wangu, sio seva ya Google kujua kwamba nimegongwa saa nne. Mtu mwenye kazi nyingine, mwandishi wa habari labda, anaweza kuamua tofauti na simu hii inamruhusu.

Kuhusu kupunguza makelele, hii ipo kwenye Android zote toka ile ya 8 ya 2017 ila watu hawaitumii: notifikesheni za apu moja zimegawanywa kwa mafungu. Ukipata inayokuudhi usiifute kwa hasira, ishikilie kwa kidole, gusa alama ya gia, utaona mafungu yake yote, zima la ofa na matangazo acha la miamala. Apu ya bando nimeibakizia fungu moja tu. Na toka Android 13 apu mpya haiwezi kukutumia notifikesheni mpaka ikuombe kwanza, mi jibu langu la kwanza siku zote ni hapana, ikithibitika naihitaji ndo nairudia. Kwenye skrini iliyofungwa nimeweka ionyeshe kwamba kuna meseji bila kuonyesha maneno, kwa sababu simu inakaa mezani jikoni na wasaidizi wangu wawili wapo, sio kwamba siwaamini, ila mteja akiniandikia habari za ndoa yake ni zangu na yeye.

Haya, sasa ruhusa, na hapa nitaongea sana mnisamehe.

Kuna kitu kinaitwa Contact Scopes. Apu ikikuomba namba, badala ya kukubali au kukataa unachagua hiyo, apu inaamini imepewa ruhusa, inaangalia, inakuta daftari tupu. Haiwezi kukugomea maana kwa upande wake imeruhusiwa. Halafu kama unataka iwaone watu fulani unawaongeza wewe mmoja mmoja, au kundi zima uliloliwekea lebo. WhatsApp yangu inaona lebo moja, Wateja, basi. Baba mkwe hayumo, mwalimu hayumo, daktari wa mtoto hayumo. Wakiniandikia naona namba tu bila jina, mwanzo inasumbua, nimezoea, ya baba mkwe naijua kwa kichwa. Siku ya kwanza nilipomaliza kupanga nilifungua sehemu ya kuanzisha chati mpya nikaona yale majina ya wateja tu yamejipanga, nikakumbuka ile simu ya jikoni, mwili ukanisisimka. Laiti ningekuwa na kitu hiki mwaka juzi, wale watu wangekuta daftari jeupe.

Picha na mafaili nayo yana ya kwake, Storage Scopes, mtindo uleule, apu inapewa folda unayotaka wewe. Nimetengeneza folda ya keki, kila apu ya kuuzia inaona hiyo tu, picha za wanangu zimekaa kwao.

Halafu intaneti. Ukiweka apu yoyote mpya simu inakuuliza papo hapo kama iruhusiwe kutumia mtandao, kitu ambacho kwenye simu yangu ya zamani hakikuwepo kabisa. Kibodi ya Google nimeiweka kwa sababu iliyokuja nayo haijui Kiswahili vizuri, lakini nimeikatia intaneti, inaandika haitoki nje. Kamera pia, ile iliyokuja nayo ni ya kawaida tu na mi picha ndo biashara, nikaweka kamera ya Google nikaikatia mtandao, krimu nyeupe inatoka na mikunjo yake yote na hakuna picha inayokwenda popote bila mimi. Na sensa zile za kutambua mwendo wa simu zina ruhusa yake, nimeweka kila apu mpya ianze ikiwa imezimiwa. Niliweka kisomaji cha PDF, dakika mbili simu ikaniletea notifikesheni kwamba apu hii imejaribu kutumia sensa imezuiwa. Kisomaji cha PDF kinataka kujua natembea au nimekaa? Nikakitoa siku hiyohiyo.

Mabaya nayo niseme. Apu ya benki yangu imegoma kabisa, inafunguka inasema simu sio salama halafu inajifunga, wanapima kama simu imethibitishwa na Google na hii haijathibitishwa hata kama imefungwa vizuri kuliko simu wanazozikubali. Nilienda mpaka tawini, kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu ila hakuwa na la kufanya. Benki nyingine apu zao zinakubali kwa hiyo mjaribu kabla hamjahamia moja kwa moja. Mi nimerudi kwenye menyu ya M-Pesa, nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli, nalipia unga na mayai kama zamani, na ile haiombi ruhusa ya kitu chochote wala bando.

Lingine, simu inajizima na kujiwasha yenyewe ukikaa masaa 18 bila kuifungua, ni kwa usalama, ila ikijiwasha hivyo meseji haziingii mpaka uweke namba ya siri. Nilipolazwa siku mbili na malaria ilinikuta hiyo, oda zikalala. Ule muda unabadilishika kwenye setingi, mi nimeuacha, sasa dada yangu anajua namba ya siri. Na muda wa kupanga haya yote, jamani, wikiendi mbili nzima, mtu asikudanganye kwamba unawasha unatumia.

Kwa asiyeweza kununua Pixel kuna nusu ya haya anaweza kufanya leo. Jumapili nilikaa na mama na simu yake ya kawaida, tukaingia setingi, faragha, kisimamia ruhusa, tukafungua upande wa namba za simu kuona apu gani zimeruhusiwa. Zilikuwa kumi na moja. Mama anatumia tatu. Nilikuwa namsomea jina anasema "hiyo siijui, toa," "hiyo ya mjukuu alicheza, toa." Ya mwisho ilikuwa tochi. Akaichukua simu mkononi mwangu akaitoa mwenyewe.