Mashine ya kufyekea majani: kabla ya bei, soma waranti inasemaje kuhusu oili

Wiki hii nimepokea ujumbe wa tatu wa aina moja. Dada mmoja wa Kibaha kanunua mashine ya kufyekea majani, imepiga kazi miezi miwili, imekwama. Kairudisha dukani na kadi ya waranti mkononi, kaambiwa waranti haihusiki. Niliposoma nikaikumbuka yangu.

Mwaka juzi nilinunua Kariakoo mashine ya laki mbili na themanini kwa ajili ya shamba la Bagamoyo. Waranti mwaka mzima. Wiki ya sita kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Fundi wa duka akafungua ekzosi, akamulika tundu kwa tochi ya simu, akaniita nichungulie. Pistoni ilikuwa na michirizi ya wima, kama ukuta uliokwaruzwa kwa msumari. "Mama, mmetia petroli tupu." Waranti ikaishia pale pale. Kijana wangu wa shamba alichanganya oili, nilimwona kwa macho yangu. Ila kibandiko cha kwenye tangi kiliandikwa 25:1, yaani petroli sehemu 25 kwa oili sehemu moja, kitabu kikasema 40:1, na kufikia wiki ya sita hicho kibandiko kilishafutika kwa kumwagikiwa petroli.

Kwa hiyo nguvu ya injini na uzito wa mashine siviongelei hapa, kila muuzaji anaviimba. Mimi nauliza jambo moja: oili inaingiaje, na nani anaipima?

Injini ya tustroki, kama ya ile mashine yangu, haina oili yake pembeni. Pistoni inalainishwa na ile oili iliyochanganywa kwenye petroli, basi. Mchanganyiko wa 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Wa 25:1 ni mililita 40. Ukipunja, pistoni inakwangua silinda mpaka inang'ang'ania. Ukizidisha, moshi unajaa, plagi inachafuka, ekzosi inaziba. Sasa chukua kadi yako ya waranti uisome hadi chini: utakuta mstari unaosema hitilafu itokanayo na mafuta yasiyo sahihi haihusiki. Yaani kile kinachoua mashine hizi mikononi mwetu ndicho walichokiondoa mapema.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Honda UMK435, yenye injini ya GX35. Sifichi, naipenda. Ni fostroki ya sentimita za ujazo 35.8: petroli inakaa tangini peke yake, oili inakaa kwake, mililita 100 tu za oili ya daraja la 10W-30. Hakuna kuchanganya, kwa hiyo hakuna wa kukuambia ulikosea kuchanganya. Unafungua kifuniko unaona oili ipo au haipo, na hata kijana aliyeanza kazi jana anaweza kuonyeshwa kwa dakika moja. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 10 za kazi, kisha kila saa 50 au miezi sita. Tahadhari moja: haina kifaa cha kuzima injini oili ikipungua, kwa hiyo chungulia kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba. Bei inauma, najua, ni mara kadhaa ya ile niliyoiunguza. Na ziko injini za kuigiza zilizofanana nayo umbo hadi rangi, kwa hiyo nunua kwa wakala mwenye karakana yake, umwombe akuonyeshe rafu ya spea.

Ya pili ni Stihl FS 250. Kama shamba lako lina vichaka na mashina magumu, hii ya sentimita za ujazo 40.2 inafyeka ambapo nyingine zinalia. Lakini ni tustroki, 50:1. Mimi naipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayechanganya mafuta mwenyewe. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa. Bomba moja la oili, lita moja ya petroli, unatikisa galoni kabla ya kumimina. Kupima kwa kizibo cha chupa ya maji acheni, jamani. Na Stihl bandia zipo nyingi mno, hivyo isiwe ya barabarani.

Kwa uwanja wa nyumbani wenye nyasi laini, Makita za betri za volti 18 zinatosha. Hazina oili kabisa. Umeme ukikatika uwe na betri ya pili iliyojaa.

Hizi za laki mbili, tatu? Kama unafyeka mara mbili kwa mwaka, nunua, ila ihesabu kama mashine isiyo na waranti.

Maana waranti yenyewe ndiyo inayonikera kuliko hata mashine. Ukitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda. Ukipewa, karatasi yake inafifia. Yangu baada ya miezi minne ilikuwa nyeupe kabisa, kwa hiyo ipige picha siku ile ile. Kadi inajazwa jina lako bila namba ya mashine. Ukirudi, aliyekuuzia "amesafiri". Na chini ya risiti pamepigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, wakati nchi hii ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ya kupelekea malalamiko. Sisi wanawake tunanunua kwa hela ya kikoba, tunarejesha na riba, mashine iko stoo imekufa.

Siku hizi sitoi hela kabla muuzaji hajafanya mambo mawili. Atie mafuta mwenyewe, awashe, mashine iungurume mbele yangu dakika tano. Halafu aandike kwenye kadi, kwa mkono wake, oili gani na kipimo gani, aweke sahihi na namba ya mashine. Mwezi uliopita nilikuwa namnunulia mdogo wangu. Muuzaji wa kwanza aliwasha vizuri tu, lakini nilipompa kalamu akasema yeye haandikagi. Nilimwachia mashine yake nikaenda duka la pili.