Kusubiri siku kadhaa au amri ya mahakama: ipi huzuia zaidi kujiua kwa bunduki?

Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua, na mabunge ya majimbo huvutana kuhusu sheria hizi mbili: kumsubirisha mnunuzi kabla ya kupewa bunduki, na amri ya mahakama ya kumwondolea kwa muda silaha mtu anayehofiwa kujidhuru.

Muda wa kusubiri (siku 10 California, 3 Colorado tangu 2023) humgusa kila mnunuzi, bila mtu kuripoti chochote. Ni nafuu: duka huchelewa tu kukabidhi silaha, na wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita upesi. Ila mwenye bunduki kabatini tayari haimhusu, na wengi wanaojiua kwa bunduki ni hao.

Amri ya mahakama, iliyoanzia Connecticut mwaka 1999, humfikia huyo mwenye bunduki tayari. Polisi, na katika majimbo mengi ndugu pia, huiomba; jaji hutoa amri ya muda, kikao hufuata, na silaha zaweza kuondolewa, mara nyingi hadi mwaka mzima. Utafiti uliofanywa kuhusu Connecticut ulikadiria kwamba kila amri 10 hadi 20 ziliepusha kifo kimoja. Ila huhitaji kazi nyingi, na hukwama ndugu wasipojua ipo. Florida ni polisi pekee wanaoweza kuiomba. Kasoro kubwa, kwani dalili huonwa kwanza na mke au mzazi.

Penye wanunuzi wapya wengi, kusubiri kunafaa. Penye bunduki karibu kila nyumba, amri ina uzito zaidi, mradi polisi wakubali kuitekeleza.