Mombasa hadi Malindi kwa gari la kukodi: dereva nyota tano, ratiba nyota mbili

Mamangu ni mtoto wa Vanga, kijiji cha pwani ya kusini, ana miaka 72, na kwa muda mrefu amekuwa akinung'unika kwamba atakufa hajayaona magofu ya Gede. Likizo ya Agosti nikaamua kumtoa lawama. Gari sina, kwa hivyo nikachukua kampuni moja inayokupa gari, dereva na ratiba, kila kitu kimepangwa: siku mbili, shilingi 26,000, mafuta ndani, malazi na viingilio juu yangu. Jina lao siliandiki kwa sababu bado tunavutana.

Ratiba ilinifikia kwa WhatsApp usiku wa kuamkia safari. Siku ya kwanza peke yake: Jumba la Mtwana, Mnarani, Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Malindi kabla ya magharibi. Dereva, mzee wa Kilifi, aliisoma, akatia simu yake mfukoni. "Mwanangu, hii imeandikwa na mtu aliyekaa chini ya feni."

Alikuwa na haki. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, ila kwa foleni, mpaka uivuke Mtwapa asubuhi umeshazeeka. Jumba la Mtwana tulikaa muda wa saa moja, nao watosha: magofu ya mji wa karne ya 14, mibuyu, na msikiti ulio karibu na maji kiasi kwamba mawimbi unayasikia ukiwa ndani yake. Magofu ya Mnarani tuliyaacha, magoti ya mama hayakutaka ngazi. Tukanunua korosho Kilifi, tukaendelea.

Gede ndiyo iliyostahili siku nzima. Ratiba iliipa dakika 45. Tulikaa saa tatu na nusu. Mji mzima wa mawe ya matumbawe umemezwa na msitu, mizizi imepanda juu ya kuta, kima wanakufuata wakipigia hesabu mfuko wako (mwanangu wa mwisho alipokonywa ndizi, hadi leo anataka kurudi kulipiza). Chukueni mwelekezi, msione bahili. Bila yeye tusingejua kwamba nyumba zimepewa majina ya vilivyochimbuliwa humo: nyumba ya makasi, nyumba ya kauri, nyumba ya sarafu ya Kichina. Pale utaelewa Waswahili walikuwa wakifanya biashara na nani. UNESCO iliitia Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, nami najiuliza walichelewa wapi.

Kuna kaburi lililochongwa tarehe, mwaka 802 Hijria, ndio 1399. Mama aliposikia hesabu hiyo alisimama, akainua mikono, akalisomea fatiha. Dereva naye akavua kofia, wala hakutazama saa.

Msitu tukausukuma hadi asubuhi ya pili, saa kumi na mbili na nusu, na nafuu tulifanya hivyo. Tulimwona sange, kijinyama chenye pua ndefu kama mkonga na matako ya rangi ya dhahabu. Alipita mbele yetu kama kafukuzwa na polisi, basi. Watoto wamekuwa wakimwigiza tangu siku hiyo.

Sasa lawama. Kampuni ilitutoza shilingi 3,000 zaidi, kabla ya safari, kwa ajili ya mtumbwi katika mikoko ya hori ya Mida, saa nne asubuhi. Usiku wa Malindi mwezi ulikuwa mpevu juu ya bahari. Mama aliutazama akasema, "Kesho bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne mtapanda mtumbwi juu ya nini?" Nikamwambia wamepanga wenyewe, wanajua. Tulipofika, maji yalikuwa yamekupwa hadi huko, mtumbwi umelala topeni ubavu, kaa wanatembea chini yake. Tukapita kwenye daraja la mbao la kuning'inia lililo juu ya mikoko, ndege wa pwani wamejaa kwenye matope, nalo nililipenda. Lakini silo nililolipia. Nilipodai pesa nikajibiwa hazirudishwi kwa sababu ya "hali ya hewa". Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake hujulikana mwaka mzima kabla!

Ratiba hiyohiyo ilitaka tutoke Mida tugeuze tupite Malindi tena, twende kwenye korongo la Marafa, tuwe bondeni saa saba mchana, jua la utosi. Dereva alikataa, nikamuunga mkono. Tukaenda kutazama nguzo ya Vasco da Gama, dakika ishirini, watoto wakapiga picha, tukala samaki wa kupaka.

Gari lilikuwa safi, baridi yake inafanya kazi, mkanda mmoja wa nyuma haufungi. Ningewachukua tena kwa sharti moja: wanipe dereva yuleyule, na ratiba niandike na mamangu. Zile 3,000 bado nazidai.